Mkia, Nguzo na Mtu wa Mbele

Jioni ya kwanza ya safari, mgeni akishateremka kwenye pikipiki, magoti bado yanamcheza na vumbi limemjaa hadi kwenye kope, lazima aniulize: wewe ulianzaje kazi hii ya kuongoza watalii kwa pikipiki? Zamani nilikuwa najibu kwamba nilisomea utalii. Ulikuwa uongo wa kujikinga. Siku hizi nasema ukweli: nilianza Busia, nimekaa kwenye keria ya baisikeli ya babu, nimeshika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili.

Babu alikuwa boda boda enzi ambazo neno lenyewe lilikuwa bado la mpakani. Waliotaka kuvuka kile kipande kilicho kati ya geti la Kenya na geti la Uganda walikuta vijana na baisikeli wakiita "boda! boda!", na mwito huo ukawa jina la kazi, kisha la mwenye kazi, kisha la chombo chake. Ya babu ilikuwa Black Mamba nzito, keria imeshonewa sponji na kitambaa chekundu chenye vishada. Jioni aliipindua uani, matairi juu, akazungusha pedali kwa mkono na kuniambia nilete sikio. "Cheni kavu inalia kama kifaranga," alisema. "Iliyolegea inatafuna kama mtu anayekula njugu. Hii yangu, sikia, inanong'ona tu." Nilikuwa na miaka saba au minane. Mpaka leo, kabla sijatoka na wageni, nasimamisha pikipiki kwenye stendi, nazungusha gurudumu la nyuma na kuinamisha kichwa. Wageni hudhani naomba dua.

Niliingia Nairobi 2009 baada ya kidato cha nne, nikafikia kwa mjomba Kangemi, ambako ukipiga chafya kuna mtu wa kwenu atakuitikia. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeziondolea pikipiki za chini ya cc 250 ushuru wa VAT, na ghafla kila kona ilikuwa imeota steji ya boda boda. Mjomba alimjua mwenye pikipiki mbili. Nikapewa moja, kwa makubaliano kwamba kila jioni nimpelekee shilingi 300, mvua inyeshe isinyeshe, na kitakachobaki ni changu. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa cha unga na mafuta ya kesho.

Mama aliposikia alipiga simu. Hakunisalimia. "Nimekusomesha mpaka form four uende ukabebe watu kama babu yako?" Babu ni baba mkwe wake, na alimpenda sana, lakini hapo alimtaja kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Sitamlaumu. Kazi ya nduthi, yaani pikipiki ya abiria, jijini ina aibu yake, na anayekuambia haina hajawahi kuifanya. Madereva wanapandisha vioo ukisimama karibu nao kwenye foleni. Abiria anakuita "wewe nduthi," kana kwamba wewe na chuma mmezaliwa pamoja. Katikati ya jiji hutakiwi. Na ukianguka, kabla hata hujaulizwa umeumia wapi, watu wameshakubaliana kwamba kosa ni lako.

Ila kulikuwa na kitu ambacho sikumwambia mtu, kwa sababu kingeonekana ni wazimu. Jumapili alfajiri, kabla ya waumini wa ibada ya kwanza kuanza kutafuta usafiri, nilikuwa naondoka Kangemi peke yangu, bila abiria, nachoma mafuta ya mwenyewe. Waiyaki Way, Kikuyu, hadi Rironi, halafu nainama kushoto kufuata barabara ya chini ya Mai Mahiu. Huku juu kuna ukungu na baridi inayoingia kwenye mikono ya koti mpaka kwapani. Halafu barabara inaanza kuteremka ukingoni mwa Bonde la Ufa, lori moja moja linakohoa likipanda, na mahali fulani, kona chache tu chini, hewa inabadilika. Inakuja ya joto, kama mtu amefungua mlango wa jikoni. Kuanzia hapo unanusa vumbi na majani makavu, na mbele yako volkano ya Longonot imekaa na mdomo wazi. Aliye ndani ya gari, hilo halijui. Ataona mlima, sawa, lakini ule mlango wa jikoni hatausikia.

Nilikuwa nafika hadi kile kikanisa kidogo cha kando ya barabara, kilichojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, wale waliokuwa wakitengeneza barabara yenyewe. Nazima injini. Nakaa dakika kumi. Nageuza. Saa mbili asubuhi niko steji, nimeshapoteza shilingi 200 na sina cha kuonyesha. Kama wewe ni mtu wa hesabu utaniona mjinga.

Mwaka 2012 niligongwa Uthiru na gari lililotoka kwenye duka bila kuangalia. Mfupa wa muundi ulivunjika, nikakaa na plasta wiki sita. Mama alisafiri kuja kunitunza, na alipoondoka helmeti yangu haikuonekana tena. Mjomba aliikuta miezi kadhaa baadaye ndani ya pipa la mahindi.

Kilichonibadilishia njia ni waya wa klachi. Mwaka uliofuata, mzee mmoja Mholanzi alikuwa anatoka kaskazini, kapitia Moyale wakati barabara ile bado ilikuwa mawe na ujenzi, anaelekea Cape Town. Waya wake ulikatikia Waiyaki Way, karibu kabisa na steji yetu, saa kumi na moja jioni, matatu zikimpigia honi kama amefanya makusudi. Wenzangu walimcheka kidogo kwanza. Mimi nikamwonyesha kwa mikono akae kwenye pikipiki yake aweke gia huru, nikaja nyuma yake, nikaweka mguu wa kushoto kwenye kikanyagio chake na kumsukuma hivyo, pikipiki mbili injini moja, mpaka kwa fundi. Kila mtu wa steji anaijua mbinu hiyo. Yeye alikuwa hajawahi kuiona, akawa anageuka kunitazama badala ya kutazama mbele, nikampigia kelele.

Fundi hakuwa na waya wa pikipiki hiyo, na Nairobi nzima siku hiyo haikuwa nao. Akachukua waya wa breki ya baisikeli, akaupima kwa ule wa zamani, akazitawanya nyuzi zake mwishoni kama ufagio, akauingiza kwenye kipande cha shaba alichotoboa kwa msumari, akayeyushia risasi juu yake. Akapuliza. Akaupiga faili ukawa mviringo. Ilimchukua saa nzima na alidai shilingi 400. Mholanzi alikuwa amechuchumaa muda wote huo, hapigi picha, anatazama tu. Baadaye aliandika barua pepe kutoka Namibia: waya bado unafanya kazi.

Mzee huyo alikuwa amepanga hema kwenye kambi moja ya Karen wanakopumzika wanaovuka Afrika kwa pikipiki na magari. Akanitaja huko. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu na kampuni ndogo iliyopeleka wageni safari za pikipiki. Walitaka mtu wa nyuma.

Katika msafara, mtu wa nyuma sisi humwita mkia. Anabeba pampu, tyubu za akiba, vyuma vya kubandua tairi, waya, plagi, maji, na dawa ya kidonda. Anakula vumbi la kila mtu aliye mbele yake. Halipwi kama anayeongoza na jina lake halikumbukwi. Nilikuwa mkia miaka mitatu, na ningemshauri yeyote anayetaka kuongoza aanzie huko, maana ukiwa nyuma unawasoma watu. Unamwona anayeshika breki katikati ya kona, aliyeogopa tangu asubuhi lakini hatasema. Unamwona anayetaka kumwonyesha mke wake kwamba bado ni kijana. Unajua saa ngapi mtu amechoka: kichwa kinaanza kuegemea upande mmoja, halafu mguu mmoja unatoka kwenye kikanyagio na kunyooshwa, halafu anaanza kuchelewa kubadilisha gia. Hapo unapiga honi mara mbili, mtu wa mbele anatafuta kivuli.

Safari mbili za kampuni hiyo sikulipwa mpaka leo. Jina lake nitalimeza. Nilijifunza kudai malipo ya nusu kabla ya kuwasha injini.

Sasa nguzo. Watu huniuliza mnawezaje kupeleka watu kumi kwenye njia zisizo na vibao bila wao kupotea, kila mmoja na mwendo wake. Ni mbinu ya kale na rahisi. Mtu wa mbele akifika njia panda, anamnyooshea kidole aliye wa pili na kumwonyesha mahali pa kusimama. Huyo anakuwa nguzo. Anakaa hapo, anawaonyesha wote wanaokuja wageuke wapi, na haondoki mpaka mkia afike. Mkia akifika, nguzo anaingia mbele yake na safari inaendelea. Aliyekuwa wa tatu sasa ni wa pili, na njia panda ijayo ni zamu yake. Kwa hiyo hakuna haja ya kumwona mwenzako. Unaweza kwenda polepole kama bibi harusi, nguzo atakungoja.

Inavunjika kwa jambo moja tu: nguzo akichoka kungoja. Nguzo akiona dakika ishirini zimepita, akadhani wamemsahau, akaondoka, basi kila aliye nyuma yake amepotea. Nimeshatafuta watu usiku huko Suswa kwa sababu ya mgeni mmoja aliyekuwa na haraka ya bia.

Siku ya kwanza huwa sianzi na njia ngumu. Nawapeleka Magadi. Rongai na foleni yake, Kiserian, Kona Baridi ambako jina linajieleza, halafu kushuka. Unaacha mitambo ya upepo ya Ngong mgongoni, na ndani ya saa moja na nusu wote wamefungua zipu za makoti. Twiga wakionekana, wanaonekana kando ya barabara, wakitafuna migunga, na hapo ndipo nawaeleza wageni kwamba pikipiki haziruhusiwi kwenye mbuga nyingi za taifa, hivyo wanyama wetu ni hawa wa barabarani, wasio na tiketi. Tunasimama Olorgesailie. Kuna daraja la mbao, na chini yake mashoka ya mawe yametapakaa kwa mamia, yaliyochongwa zaidi ya miaka 500,000 iliyopita na kuachwa pale pale. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940. Mimi kila nikiyatazama namkumbuka fundi wangu na waya wake. Mahali pamejaa zana za kazi, wenye kazi wametoka kidogo.

Kwenye barabara hiyo ndipo nawafundisha yale ambayo vitabu vya wageni havina. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia na hakuna njia ya kulia, dereva anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakuita upite. Mshukuru kwa honi, lakini tazama kwa macho yako pia, maana huenda kweli anapinda. Matuta ya barabarani hayana rangi. Kondoo mmoja akivuka, wote watavuka, hata wa mwisho akiona kifo kinakuja. Mbuzi anaweza kubadili mawazo. Punda hana habari na wewe. Na kila ukipita steji ya boda boda, kijiji chochote, inua mkono usalimie.

Hilo la mwisho wageni huona ni adabu tu. Hapana, ni bima. Mafuta yakikuishia mahali ambapo hakuna kituo, ni kijana wa steji atakayejua nani anauza petroli kwenye chupa za soda. Yeye ndiye atakayejua mto umejaa au haujajaa. Na mimi, niseme kweli, nina sababu nyingine. Mgeni amevaa koti ambalo bei yake inanunua pikipiki mpya ya Boxer na chenji inabaki, amelipa ili apate jua, vumbi na mgongo unaouma. Yule wa steji ana vyote hivyo bure kila siku, na koti lake ni reflekta. Barabara ni hiyo hiyo. Sijawahi kupata namna ya kulieleza jambo hili kwa mgeni bila kumkosesha raha ya likizo yake, kwa hiyo namwambia tu asalimie.

Nilianza kuongoza 2016. Mwaka huo huo nikakaa mtihani wa shaba wa KPSGA, chama cha waongoza watalii ambacho madaraja yake ni shaba, fedha na dhahabu. Mara ya kwanza niliangushwa na ndege, wale wadogo wa kahawia wanaofanana wote. Mara ya pili nikapita.

Mtu wa mbele haendeshi anavyotaka, na hilo lilinisumbua mwanzoni. Nilikuwa naona kona nzuri inakuja, ile ya Tambach kupanda Iten kutoka bonde la Kerio kwa mfano, kona juu ya kona, lami safi, na nafsi inaniambia twende. Siendi. Natazama kioo. Taa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Taa ya nne iko wapi? Nusu ya siku yangu naitazama barabara iliyokwisha kupita. Nilidhani kazi imeniibia kile kitu cha Jumapili alfajiri. Halafu siku moja, kwenye kona hizo hizo, nikaona kwenye kioo mama mmoja Mjerumani wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa mgumu kama ubao tangu Nairobi, ghafla mabega yameshuka, pikipiki imelala kushoto, imeinuka, imelala kulia, kama mtu aliyekumbuka wimbo. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Yeye hajui mpaka leo.

Corona ilipokuja, Machi 2020, safari za ndege za kimataifa zikasimama, Aprili Nairobi ikafungwa hutoki huingii, na kafyu ya saa moja jioni juu yake. Nikarudi kubeba: vyakula Kilimani, dawa Lavington. Aibu sikuiona tena, sijui ilikwenda wapi. Walipofungua, wageni wangu wa kwanza hawakutoka Ulaya. Walikuwa Wakenya, watu wa ofisini waliokuwa wamefungiwa ndani wakanunua pikipiki. Mhasibu mmoja wa Ruaka alikuwa hajawahi kupita Isiolo maishani mwake. Nawapenda wageni hawa kuliko wote, ingawa hubishana bei mpaka jasho linitoke.

Turkana ndiko nikupendako na ndiko nikuogopako. Ukipita South Horr ukaelekea Loiyangalani, kuna upepo unaotoka kwenye pengo kati ya mlima Nyiru na mlima Kulal, na haupulizi, unasukuma. Unakwenda mbele umelala upande kama uko kwenye kona, na barabara imenyooka. Ukikaza mikono umekwisha. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, acha pikipiki icheze chini yako. Huko ndiko kuna ile mitambo 365 ya upepo, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na umeme wake unasafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mwaka jana niliporudi Kangemi usiku, bega bado linauma, nikawasha taa ya jikoni nikasimama nikiitazama.

Safari hiyo nilimchukua kijana wa steji yetu ya zamani, miaka ishirini na miwili, ajifunze. Alikuwa hajawahi kupita Kiambu. Nilimweka wa pili na kumwambia sheria moja tu. Tulipofika njia panda ya Ngurunit, jua la saa saba, nikamnyooshea kidole. Akasimama. Mimi nikaendelea na walioko nyuma yake, watu wanne, mpaka kwenye mti wenye kivuli, tukangoja mkia na mgeni wa mwisho. Nusu saa. Saa nzima. Kumbe miba ya mgunga imemtoboa mgeni matairi yote mawili. Nikawaacha wageni na maji, nikarudi.

Nilimwona kwa mbali kabla sijaiona njia panda. Amesimama katikati ya mwangaza ule, helmeti kichwani, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea South Horr. Kivuli cha pikipiki yake kilikuwa kimekaliwa na mchungaji mdogo na wanambuzi wawili. Mgunga mkubwa ulikuwa hatua thelathini kutoka pale.

"Mbona hukukaa kwenye mti?"

"Ulisema nikae watakaponiona, bro."

Nikampa chupa. Alikunywa kwa mkono wa kushoto. Nyuma yake, kule tulikotoka, vumbi la pikipiki mbili lilikuwa limeanza kuinuka, na akaniuliza kama sasa anaweza kushusha mkono au angoje wafike.